Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: jinsi ya kuvuta ziara za shule kwenye eneo lenu

Nimekaa muda mrefu kwenye meza ya bukingi za vikundi vya shule, na kila nikikutana na watu wa makumbusho, bustani za wanyama, vituo vya sayansi, mashamba ya kujifunzia na karakana wanaotaka shule ziwatembelee, maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa, mepesi juu, magumu chini. Jibu likiwa limeshatolewa kwenye swali jingine nakuelekeza huko tu, sirudii.

## Mambo ya mwanzo

Sisi siyo makumbusho, ni shamba tu (au karakana, au kiwanda kidogo). Shule zitakuja kweli?

Zitakuja, na kuna siku mtawavutia watoto kuliko makumbusho yenyewe, maana kwenu kitu kinafanyika pale pale mbele ya macho yao. Ng'ombe anakamuliwa, mbao inapigwa randa, maji machafu yanaingia huku yanatokea kule masafi. Mwalimu ameshachora hayo ubaoni miaka nenda rudi, anachokosa ni mahali pa kuyaonyesha yakiwa hai.

Exploratorium ya San Francisco ilipofunguliwa 1969, mwanzilishi wake Frank Oppenheimer, mwanafizikia ambaye aliwahi kufuga ng'ombe na kufundisha sekondari huko Colorado, aliacha karakana ya kutengenezea vifaa ionekane na wageni, na vifaa vyenyewe vilikuwa vya kushikwa na kuzungushwa. Kwa hiyo msifiche sehemu ya kazi mkidhani watoto wanataka ukumbi wenye mapazia, sehemu ya kazi ndo wanayoitaka.

Ila kabla hamjatangaza chochote jibuni hili kwa sentensi moja: mtoto atafanya nini hapa ambacho darasani hakiwezekani? Mkishindwa kujibu bado hamjawa tayari kuita shule.

Nani hasa anaamua shule iende wapi?

Karibu kila mara ni mwalimu mmoja. Mkuu wa shule anasaini, mhasibu anatoa hela, wazazi wanatoa ruhusa, lakini wazo linaanzia kwa mwalimu mmoja aliyesema kwenye kikao "mwaka huu tuwapeleke mahali fulani", na akishasema hivyo kazi yote inamwangukia yeye: aandike ombi, atafute basi, akusanye hela kidogo kidogo, afukuzie fomu za ruhusa ambazo nusu zinasahaulika nyumbani, aombe wenzake wamsindikize, apange nani atashika vipindi vyake siku ile, abebe sanduku la huduma ya kwanza, na mtoto akichubuka goti yeye ndo anayeulizwa. Na halipwi ziada kwa hayo.

Ukilielewa hili, mengine yote hapa chini yanakuwa rahisi. Watu wengi wanahangaika kuwafurahisha watoto, na ni sawa kabisa, wafurahi, ila wanamsahau huyu aliyewaleta wakati yeye ndo atakayeamua kama mwakani mtaonana tena. Kila mnapopanga kitu ulizaneni: hiki kinamtua mwalimu mzigo au kinamwongezea?

Wakuu wa shule wanatuuliza ziara ina faida gani kimasomo. Tuwajibu nini?

Waambieni ukweli bila kutia chumvi. Utafiti ninaopenda kuutaja ni ule wa Crystal Bridges, makumbusho ya sanaa huko Arkansas, Marekani, yaliyofunguliwa 2011. Shule zilizoomba kuja zilikuwa nyingi kuliko nafasi, kwa hiyo watafiti wakafanya bahati nasibu nani aende mwanzo na nani asubiri, halafu wakayalinganisha makundi hayo mawili, karibu wanafunzi 11,000 kutoka shule 123. Waliokwenda, na ilikuwa ziara ya nusu siku tu, walikumbuka mengi kuhusu picha walizoziona na walikuwa wazuri zaidi katika kuichambua picha wasiyowahi kuiona. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wanafunzi wa vijijini na wa shule zenye watoto wengi maskini, na mimi hapo ndo moyo wangu ulipo, kwa sababu hao ndo huwa wa mwisho kufikiriwa tunapotuma matangazo.

Msiahidi kwamba alama za mtihani zitapanda. Hamuwezi kulithibitisha hilo, na hedimasta mzoefu akisikia ahadi ya namna hiyo anaanza kutilia shaka na yale mengine ya kweli mliyomwambia.

Tuanze na madarasa yapi?

Anzeni na darasa moja. Najua inauma kuacha wengine, lakini tangazo linalosema "tunapokea wa umri wote kuanzia chekechea hadi chuo" halimgusi mwalimu yeyote. Marekani walipoanzisha mpango wa Every Kid in a Park mwaka 2015, wa kuwaingiza watoto bure kwenye hifadhi na maeneo ya taifa, walilenga darasa la 4 peke yake. Kila mwaka kundi jipya linafika darasa hilo, kwa hiyo miaka ikipita unakuwa umewafikia karibu wote, na nyie mnakuwa na programu moja iliyonyooka badala ya tano nusunusu. Ikishakaa vizuri ongezeni darasa jingine.

## Kujitangaza

Tumetuma imeili kwa shule kibao, hakuna aliyejibu. Tumekosea wapi?

Imeili yenu iliingia kwenye anwani ya jumla ya shule, ikakutana na matangazo ya wauza vitabu, sare na kompyuta, na karani aliyeifungua hakujua ampelekee nani. Andikeni kichwa cha imeili kinachojieleza chenyewe, mfano "Darasa la 5, mada ya mzunguko wa maji, nusu siku", hapo karani anajua moja kwa moja ni ya nani. Halafu pigeni simu, ila wakati wa mapumziko, siyo katikati ya vipindi.

Kinachofanya kazi kuliko yote bado ni mwalimu kumwambia mwalimu. Walimu wa somo moja wanakutana kwenye semina, kwenye usahihishaji, kwenye magrupu ya WhatsApp. Ombeni dakika kumi kwenye semina yao, nendeni na kitu cha kushika mkononi, siyo vipeperushi tu. Na mwalimu aliyeshakuja akafurahi muombeni awatumie ujumbe wenzake kwa maneno yake mwenyewe, maana maneno yake yana uzito ambao tangazo letu haliwezi kuwa nao hata tulipe wachoraji wazuri kiasi gani.

Tutangaze lini?

Kabla shule hazijafunga kalenda na bajeti ya mwaka. Wengi wanatangaza wiki chache kabla ya msimu, na wakati huo mwalimu akitaka kuja hela haipo tena. Muulizeni mwalimu yeyote mnayemfahamu: ratiba ya mwaka inapangwa mwezi gani? Tangazo lenu liwe mezani mwezi mmoja kabla ya hapo.

Kumbukeni pia wiki zile baada ya mitihani, wanafunzi wapo shule ila vipindi vimelegea. Zinajaa haraka, kwa hiyo msizipunguzie bei. Punguzo wekeni kwenye siku zenu zilizopoa.

Ukurasa wa walimu kwenye tovuti yetu uwe na nini?

Uwe na kila kitu ambacho mwalimu angelazimika kukiandika au kukitafuta mwenyewe. Naanza na kile kinachosahaulika na wengi: barua ya wazazi iliyoandikwa tayari, yeye anajaza tarehe, gharama na jina la shule tu anapiga chapa. Pili, barua fupi ya ombi kwa mkuu wa shule ikieleza ziara inagusa mada gani. Hizi mbili peke yake zinamwokolea jioni nzima.

Halafu bei kamili, siyo "wasiliana nasi kwa bei". Mwalimu anayefanya bajeti saa tano usiku baada ya kusahihisha madaftari hatawasiliana na nyie, atafungua ukurasa wa wengine. Saa za kuanza na kumaliza. Basi linashusha wapi na linapaki wapi. Idadi ya vyoo. Mahali pa kulia chakula, na kama kuna paa. Karatasi ya usalama (ipo swali lake chini). Na namba ya simu inayopokelewa na mtu anayejua anachosema.

Hakikisheni faili zinafunguka kwenye simu ya kawaida bila kula bando, maana walimu wengi wanafanya haya yote kwenye simu. Fomu ya bukingi yenye kurasa nne inawafukuza, ulizeni tu majina, namba, idadi, tarehe mbili anazopendelea, basi, mengine mtaulizana baadaye.

"Kuunganisha na mtaala" ni kufanya nini hasa? Kila mtu anatuambia hivyo.

Ni kuchukua silabasi rasmi, kuisoma kweli, na kuandika programu yenu kwa maneno yale yale yaliyomo ndani yake. Kama silabasi inasema "mwanafunzi aweze kueleza hatua za ukuaji wa mmea", basi na nyie andikeni hivyo hivyo, msiseme "safari ya ajabu ya mbegu". Mwalimu anayeomba ruhusa anahitaji sentensi ya kunakili kwenye ombi lake, mpeni.

Halafu mwiteni mwalimu mmoja anayefundisha darasa hilo apitie, na mumlipe kwa kazi hiyo. Atawaambia kuna mada mmeziweka ambazo darasa hilo hawafiki mpaka muhula wa mwisho, na huwezi kuliona hilo ukiwa nje ya shule.

Tuwaalike walimu bure waje waone kabla?

Ndiyo, bila kusita. Mwalimu makini hapeleki watoto mahali asipopajua. Wekeni siku maalum, Jumamosi asubuhi au jioni baada ya shule, watembee njia ile ile watakayopita watoto, waonyesheni na vyoo, watoke na kalenda ya nafasi zilizobaki mkononi. Asiyeweza siku hiyo aingie bure siku yoyote kwa kitambulisho cha kazi.

## Pesa

Tutoze kwa kichwa au kwa kundi?

Kwa kichwa ni rahisi mwalimu kukusanya, kwa kundi ni rahisi nyie kupanga watu wenu. Ninachopendekeza ni bei ya kichwa yenye kiwango cha chini cha kundi, na walimu na wasindikizaji wa lazima waingie bure. Kumtoza mwalimu kiingilio akiwa kazini kuwalinda wanafunzi wake, mimi naona ni kumkosea heshima, na kiasi chenyewe ni kidogo hakiwasaidii.

Bei iwe moja yenye kila kitu ndani. Mkianza kuongeza hela ya muongozaji, hela ya kalamu, hela ya kufungua chumba cha chakula, mwalimu ameshakusanya za wazazi hawezi kurudi kuomba tena.

Shule zinasema kiingilio chetu ni sawa ila basi ndo linawashinda. Tufanyeje?

Hili ndo jiwe kubwa kuliko yote na kushusha kiingilio hakuliondoi. Nimeona maeneo yanapunguza kiingilio mpaka nusu na bado shule haziji, kwa sababu hesabu ya mwalimu ilikuwa imelala kwenye usafiri tangu mwanzo. Ile ziara ya Crystal Bridges niliyoitaja juu ilikuwa bure kwa shule, na bure yenyewe ilijumuisha mabasi, chakula cha mchana cha watoto na hata mshahara wa walimu wa kushikilia madarasa yaliyobaki. Wafadhili walilielewa tatizo liko wapi.

Kama hamna mfadhili mkubwa, tafuteni wa basi tu. Mfanyabiashara ambaye hawezi kufadhili maonyesho anaweza kufadhili mabasi matatu kwa mwaka, na ni rahisi kumweleza: hela yako imeleta watoto hawa, hii hapa barua yao. Njia nyingine ni kuziunganisha shule mbili ndogo zilizo njia moja, kazi hiyo ifanyeni nyie maana nyie ndo mnazijua zote mbili. Kwa shule za karibu basi moja linaweza kufanya tripu mbili, kundi la kwanza linaanza wakati la pili linafuatwa.

Angalieni pia saa. Mabasi mengi ya shule yanashusha watoto asubuhi na yanatakiwa kuwarudisha mchana, kwa hiyo yako huru katikati tu. Programu inayoanza saa mbili kamili inamlazimisha mwalimu kukodi basi la nje, ikianza saa tatu na nusu anaweza kutumia la shule yake. Kuna eneo ninalolijua walisogeza saa ya kuanza tu, na shule zilizokuwa zinakataa zikaanza kuja.

Shule inataka profoma (ankara ya kabla ya malipo), inalipa baadaye. Tukubali?

Kubalini, shule nyingi haziwezi kulipa bila karatasi. Chukueni dipoziti ndogo ya kushikilia tarehe, iliyobaki ilipwe kwa idadi iliyofika siku hiyo, siyo iliyobukiwa. Watoto wanaugua. Ukimdai mwalimu viingilio vya watoto sita waliolala na homa, atavitoa mfukoni mwake na hatarudi.

Kuna watoto ambao wazazi wao hawana hela, wanaachwa shule. Tufanye nini upande wetu?

Kwenye kila kundi wekeni nafasi chache za bure ambazo mwalimu anazigawa mwenyewe kimyakimya, bila majina, bila fomu ya kuthibitisha umaskini, bila tiketi ya rangi tofauti. Mtoto asijulikane getini. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu nimewahi kuwaona watoto wakiitwa pembeni "wale wa msamaha", na siku yao iliishia pale.

## Siku yenyewe

Tupokee watoto wangapi kwa wakati mmoja?

Hesabuni kwa sehemu yenu nyembamba kuliko zote, siyo kwa ukubwa wa eneo. Kama chumba cha darubini kinaingia kumi na tano basi makundi ni ya kumi na tano, yanazunguka kwa zamu. Na mtu mmoja wenu awe na saa, kazi yake ni kuzungusha tu.

Watoto wanafika wamechangamka mno, hawasikilizi chochote dakika za mwanzo. Ni utovu wa nidhamu?

Hapana, ni ugeni. Mwaka 1978 John Falk na wenzake waliandika kuhusu hali hii: mtoto akiwa mahali pasipo pa kawaida kwake, akili yake inaenda kwanza kwenye kupazoea mahali penyewe, na somo linasubiri. Msishindane na hilo. Mtumieni mwalimu picha na ramani ndogo wiki moja kabla awaonyeshe darasani. Wakifika waambieni haraka mambo matatu wanayoyawaza: choo kiko wapi, tutakula saa ngapi, tutapita dukani au la. Halafu wapeni dakika kumi waangalie wanachotaka. Baada ya hapo utapata masikio.

Waongozaji wetu wanajua sana lakini watoto wanapiga miayo. Shida nini?

Wanaongea mno. Mtaalamu anayeipenda kazi yake anataka kumwaga kila anachokijua, namwelewa kabisa, ila mtoto wa miaka tisa amesimama kwenye sakafu ngumu, mbele yake kuna mgongo wa mwenzake na kitu chenyewe hakioni.

Kuna jambo moja dogo linabadilisha kila kitu: uliza, halafu nyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aligundua kwenye utafiti wake wa miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kulijibu wenyewe au kuhamia kwa mwingine. Wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yanakuwa marefu na watoto wengi zaidi wanajibu. Sekunde 3 zinaonekana ndefu sana ukiwa umesimama mbele ya watu, kwa hiyo zinahitaji mazoezi, fanyeni mazoezi hayo nyie kwa nyie kabla ya msimu. Na swali liwe la kuangalia ("unaona nini hapa? nini kimekufanya useme hivyo?"), siyo la kukumbuka mwaka.

Muongozaji asiongee zaidi ya dakika tano bila watoto kufanya kitu, kushika, kuchora, kupima, kunusa, chochote. Kama hamna cha kushika tengenezeni nakala.

Karatasi za maswali zinasaidia?

Fupi, ndiyo. Ikiwa na maswali ishirini watoto wanakimbilia vibao kunakili majibu, na kitu chenyewe hawakitazami. Maswali matatu yanayowalazimu kuangalia au kuchora yanatosha.

Vyoo, chakula, mvua?

Vyoo vifanyiwe usafi kabla ya kundi kufika na tena katikati. Wekeni kituo cha choo cha dakika kumi na tano kwenye ratiba, maana watoto hamsini na vyoo vinne hesabu yake inajulikana. Chakula, wengi wanakuja nacho, wanachohitaji ni kivuli, maji salama ya kunywa, mahali pa kunawa na pa kuweka mabegi. Mvua, muwe na programu ya ndani ya saa moja na nusu iliyoandaliwa kweli, siyo video ya kuokoteza.

## Usalama

Shule inaomba tathmini ya hatari. Hatujawahi kuandika.

Tembeeni njia nzima ya ziara mkiwa wawili, mmoja anaangalia, mwingine anaandika: hapa kuna maji, hapa ngazi haina kishikio, hapa gari la mizigo linapita, huyu mnyama anang'ata. Kila kimoja andikeni mmefanya nini kukipunguza na nani anahusika. Kurasa mbili zinatosha, wekeni tarehe, rudieni kila mwaka na kila mkibadilisha kitu. Uingereza kuna alama ya ubora inaitwa LOtC Quality Badge (LOtC ni Learning Outside the Classroom, yaani kujifunza nje ya darasa), eneo likishakaguliwa likaipata mwalimu anakuwa na karatasi chache za kudai. Kama kwenu kuna kitu cha namna hiyo kiombeni.

Idadi ya wasindikizaji kwa watoto inategemea sheria za nchi, umri na shughuli, kwa hiyo fuateni kanuni ya shule ikiwa kali kuliko yenu. Na mtu wenu yeyote asibaki peke yake na mtoto, sehemu yoyote, kwa sababu yoyote.

Tunaweza kuwapiga picha watoto tukatangazie?

Bila ruhusa ya maandishi ya wazazi kupitia shule, hapana. Pigeni mikono inayochezea udongo, migongo, michoro yao. Picha za namna hiyo mara nyingi ni nzuri zaidi hata hivyo.

Mtoto mwenye ulemavu au mzio, tujiandae vipi?

Ulizeni kwenye fomu ya bukingi, siyo getini. Swali liwe wazi: "kuna jambo gani tulijue ili kila mtoto ashiriki?" Halafu badilisheni programu kwa kundi zima kama inawezekana. Kama ghorofa ya juu haina lifti, shusheni kitu kimoja chini siku hiyo kwa wote, msimwache mtoto mmoja chini na mwalimu msaidizi akisubiri wenzake wateremke. Kwa wanaosumbuliwa na kelele wapeni saa tulivu kabla ya kufungua na kona ya kupumzikia.

## Kuwafanya warudi

Wanakuja mara moja tu, mwakani hatuwaoni. Kwa nini?

Mara nyingi hakuna aliyewaomba. Siku mbili baada ya ziara mtumieni mwalimu ujumbe mfupi wa kumshukuru kwa jina, na shughuli moja ya kufanya darasani kuendeleza walichokiona. Ulizeni kitu kimoja tu, "nini kilikusumbua?", na mkijibiwa rekebisheni halafu mumwambie mmerekebisha. Kabla ya kalenda ya mwaka mpya (angalia swali la lini kutangaza) mpigieni na kumpa tarehe ile ile kabla hamjaifungua kwa wengine. Mwalimu akihamishwa ana faida mara mbili: muombeni awatambulishe kwa aliyechukua nafasi yake, na mfuateni shule mpya.

## Kesi ngumu

Basi limechelewa saa nzima na kundi jingine linafuata. Tunafanyaje?

Muwe na toleo fupi la programu lililoandikwa kabla, linalobakiza sehemu ile ya kushika na kuacha maelezo. Makosa tuliyoyafanya sisi mwanzoni yalikuwa kukimbiza kila kitu, watoto wakapita vituo sita bila kuona hata kimoja. Siku hizi tunabakiza viwili. Mwalimu anayeshuka kwenye basi hapo ana aibu na ameshachoka, asipokelewe kwa mtu anayeangalia saa.

Walimu wanakaa pembeni na simu zao, watoto wanatuachia sisi.

Mara nyingi hawajaambiwa wafanye nini. Kila mtu mzima akifika apewe kadi yenye kundi lake, majina na kazi yake kwenye kila kituo: shika kamba, uliza swali hili, hesabu watoto hapa. Nikianza kugawa kadi hizo tatizo linapungua sana. Ila mwalimu aliyeleta kundi akitaka dakika ishirini za kukaa na kikombe cha kitu cha moto mpeni, ameamka usiku kwa ajili ya ziara hii.

Maonyesho yetu yanahusu vita, utumwa au mauaji. Tunapokeaje watoto?

Kwa kuweka umri wazi na kuusimamia. Kumbukumbu ya Auschwitz-Birkenau huko Poland haipendekezi watoto chini ya miaka 14 watembelee, na hakuna anayeona hilo ni kuwafukuza watu. Zungumzeni na mwalimu kabla: darasa limesoma nini, kuna mtoto ambaye familia yake imepitia hayo? Msiwafanye watoto waigize waliotendwa wala watenda. Wekeni njia ya kutoka bila maswali na mahali pa kukaa baadaye, na programu iishe kwenye mazungumzo, wasipandishwe basi moja kwa moja.

Kuna shule haitaweza kuja kabisa, ni mbali na hela haipo. Tuiache?

Ipelekeeni. Field Museum ya Chicago imekuwa ikiziazimisha shule za mji huo masanduku yenye wanyama na mimea iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1910, na huduma hiyo ipo mpaka leo. Anzeni na sanduku moja la darasa lile mlilolichagua: vitu vitano imara vya kushika, karatasi moja ya mwalimu, na orodha yenye picha za vitu vyote imebandikwa ndani ya kifuniko ili kuhesabu wakati wa kurudisha kusiwe kazi. Msiweke kitu ambacho kikivunjika mtalia, maana kitavunjika, na mwalimu akiogopa kuvunja hatalifungua. Mrudishaji akikuta kitu kimepungua aandike tu kwenye karatasi, bila faini. Lipitishieni kwa afisa elimu au mwalimu anayekuja mjini kwa shughuli zake, na likirudi nanyi rudisheni barua ya kuwajibu watoto waliowaandikia maswali, kwa majina yao.